Seli Zinazogoma Kufa: Historia ya Protini za Kifo na Saratani ya Tumbo

Mwenye mkungu uani kwake anaijua kazi ya kufagia. Msimu ukifika, majani hugeuka mekundu, yakapukutika moja moja, na mti ukabaki mzima. Tawi likivunjwa na upepo ni jambo jingine: hapo pana jeraha, utomvu unatoka na wadudu wanafuata. Jani na tawi vyote vimeanguka, lakini jani limeanguka kwa utaratibu wa mti wenyewe.

Ndani ya tumbo la binadamu kuna kupukutika kwa namna hiyo. Seli zilizotandazwa upande wa ndani, zinazokabiliana na asidi na chakula usiku na mchana, huishi siku chache tu. Kisha hufa kwa utaratibu, na nafasi zao huchukuliwa na seli changa zinazopanda kutoka chini. Kazi hiyo huendeshwa na protini: zipo zinazoamuru kifo, zipo zinazokizuia, zipo zinazokitekeleza. Kwa miaka mingi madaktari waliopambana na saratani ya tumbo hawakuzijua. Waliziangalia seli zinazozaliana ovyo, bila kuuliza kwa nini zile zilizopaswa kuondoka hazikuondoka. Historia hii ni ya swali hilo: lilivyopatikana, lilivyojibiwa, na kwa nini jibu lake linamgusa kila mwenye maumivu ya tumbo yasiyokwisha.

Kisu cha Vienna, 1881

Tarehe 29 Januari 1881, jijini Vienna, daktari wa upasuaji Theodor Billroth alimpasua mama wa miaka 43 ambaye tumbo lake halikuwa likipitisha chakula tena. Uvimbe wa saratani ulikuwa umeziba njia ya kuelekea kwenye utumbo. Billroth aliukata, akaliunga tumbo lililobaki na utumbo, na mgonjwa akaamka. Waliojaribu kabla yake walikuwa wamewapoteza wagonjwa wao. Huyu aliweza kula tena. Baada ya miezi minne hivi, saratani ilirudi ikamuua.

Upasuaji wa Billroth ulifungua njia inayotumika hadi leo, na papo hapo ukaonyesha mwisho wa uwezo wa kisu. Kisu huondoa uvimbe. Chanzo chake hakikifikii.

Na chanzo kilitafutwa upande mmoja tu. Tangu mwaka 1858, Rudolf Virchow wa Ujerumani alikuwa amefundisha kwamba kila seli hutoka katika seli nyingine. Fundisho hilo lilikuwa sahihi, lakini liliwafanya wengi waione saratani kuwa habari ya uzazi peke yake. Kifo cha seli kilihesabiwa kuwa ajali. Wapo waliokwisha kuona dalili za jambo kubwa zaidi: Carl Vogt aliandika mwaka 1842 kuhusu seli zinazotoweka katika viluwiluwi vya chura, na Walther Flemming akachora mwaka 1885 seli za ovari ambazo viini vyao vilikuwa vikikatika vipande. Michoro hiyo ilikaa vitabuni miongo mingi bila mtu kuihusisha na saratani.

Ini la panya, 1962–1972

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kijana mmoja wa Australia aliyekuwa akisoma patholojia, John Kerr. Akiwa London mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye alipokuwa amerudi Brisbane, alifunga mishipa inayopeleka damu kwenye baadhi ya sehemu za ini la panya, akasubiri, kisha akatazama kwa hadubini.

Penye upungufu mkubwa wa damu, seli zilikufa kwa fujo: zilivimba, zikapasuka, vilivyomo vikamwagika na kuita askari wa mwili. Hilo lilijulikana. Lakini katika sehemu zilizobaki hai Kerr aliona kitu kingine. Seli moja hapa, nyingine pale, ilisinyaa ikawa kidonge cha duara. Kiini chake kikakatika. Kila kipande kikafungwa ndani ya utando wake. Kisha seli jirani zikavimeza vipande hivyo. Askari wa mwili hawakuitwa, wala hapakutokea kovu. Siku ikipita, usingejua kwamba pale palikuwa na seli.

Mwaka 1971 Kerr alikwenda Aberdeen, Uskoti, kufanya kazi na Alastair Currie na mwanafunzi wake Andrew Wyllie. Waliyaona mambo yaleyale katika viungo vingine na hata ndani ya uvimbe wa saratani. Walihitaji jina. James Cormack, profesa wa Kigiriki chuoni hapo, aliwapa neno linalosimulia majani yanavyodondoka mtini: apoptosisi. Mwaka 1972 walichapisha makala yao katika jarida la Uingereza la saratani, wakasema wazi kwamba ukubwa wa uvimbe hautegemei tu seli ngapi zinazaliwa, bali pia ngapi zinakufa. Sisi neno letu tulikuwa nalo siku zote: seli zinapukutika.

Makala hiyo haikushtua watu. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla ya wengi kuizingatia, kwa sababu ilionyesha sura ya kifo bila kumtaja mtendaji. Hakuna aliyejua ni protini gani zinafanya kazi hiyo.

Protini zapata majina, 1984–1997

Ya kwanza ilijitokeza katika limfoma, saratani ya seli za kinga. Mwaka 1984, Yoshihide Tsujimoto na Carlo Croce huko Philadelphia walitambua jeni lililohamishwa kutoka kromosomu moja kwenda nyingine, wakaliita BCL-2. Kila mtu alidhani ni jeni la kuchochea uzazi wa seli. Mwaka 1988, David Vaux na wenzake wa Melbourne waliliweka katika seli, kisha wakazinyima seli hizo kichocheo zinachotegemea ili ziishi. Hazikuzaliana. Lakini hazikufa pia. Hapo ndipo dhana nzima ya saratani ilipopinduka: kumbe seli inaweza kuwa mwanzo wa ugonjwa kwa kukataa kufa tu.

Wakati huohuo Robert Horvitz, nchini Marekani, alikuwa akichunguza mnyoo wenye urefu wa milimita moja. Mwili wa mnyoo huyo unapojengwa huzaliwa seli 1,090, na 131 kati yake hufa, kila mara zilezile. Horvitz alipata majeni yanayoamuru vifo hivyo, na mwaka 1993 ikabainika kwamba moja lao linafanana na jeni la binadamu. Protini za ukoo huo zikaitwa kaspasi. Ni mikasi ya seli: zikiamshwa, hukata protini nyingine mpaka seli nzima inavunjika. Kazi hiyo ilichangia kumpa Horvitz Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mwaka huohuo wa 1993, kundi la Stanley Korsmeyer lilimpata hasimu wa BCL-2, protini iitwayo BAX. Mwaka 1996 Xiaodong Wang akaonyesha kinachoiamsha mikasi: saitokromu c, protini iliyojulikana miaka mingi kuwa kibarua wa kuzalisha nishati ndani ya mitokondria. Ikivujia nje, ujumbe wake ni mmoja tu: seli ife. BAX hutoboa ukuta wa mitokondria ili ivuje, BCL-2 huizuia isitoboe. Na juu yao wote kuna p53, mlinzi anayekagua uharibifu wa vinasaba. Akiona umepita kiasi, huagiza BAX na wenzake waanze kazi.

Kwa hiyo kufikia mwaka 1997 ramani ilikuwa mezani. Kilichobaki ni kuipeleka tumboni.

Mgeni asiyeaga, 1965–1997

Tumboni nako utafiti ulikuwa umesonga. Mwaka 1965 Pekka Laurén wa Ufini aligawa saratani ya tumbo katika aina kuu mbili: moja inajenga vijitundu kama vya utumbo, nyingine inatawanyika seli moja moja ndani ya ukuta wa tumbo. Mwaka 1975 Pelayo Correa, mzaliwa wa Kolombia, aliichora aina ya kwanza kama ngazi. Kwanza ngozi ya ndani ya tumbo huvimba kwa muda mrefu, kisha ngozi hiyo hukonda na tezi zake kupungua, kisha hugeuka kufanana na utumbo, kisha seli huharibika umbo, mwisho saratani. Safari hiyo huchukua miongo. Lakini Correa hakujua ni nini kinachompandisha mtu kwenye ngazi hiyo.

Jibu lilitoka Perth, Australia. Robin Warren alikuwa ameona bakteria waliopinda katika vinyama vilivyokatwa kwenye matumbo ya wagonjwa, na kijana Barry Marshall akajiunga naye mwaka 1981. Walijaribu kuwaotesha wakashindwa, kwa kuwa maabara ilikuwa ikitupa sahani baada ya siku mbili. Sikukuu ya Pasaka ya mwaka 1982 ikaingia, sahani zikasahaulika kwa siku kadhaa, na waliporudi waliwakuta bakteria wameota. Mwaka 1984 Marshall alikunywa kikombe cha bakteria hao mwenyewe. Ndani ya siku chache alianza kutapika, na kamera iliyopitishwa kooni ikaonyesha tumbo lililovimba kwa ndani. Bakteria hao leo tunawaita Helicobacter pylori. Mwaka 1994 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliwaweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, na mwaka 2005 Warren na Marshall wakapata Tuzo ya Nobel.

Hapo wanaosoma kifo cha seli wakakutana na wanaosoma tumbo, na mkutano huo ulianza kwa mshangao. Mwaka 1996 Steven Moss na wenzake walihesabu seli zinazokufa katika matumbo ya walioambukizwa. Walikuta zinakufa nyingi kuliko kawaida, na idadi ikashuka wagonjwa walipotibiwa. Bakteria waliongeza kifo! Sasa ugonjwa wa seli zinazokataa kufa unawezaje kuanzia mahali ambapo seli zinakufa kupita kiasi?

Mfugaji anaweza kulijibu swali hilo. Anayeogesha ng'ombe kwenye josho kwa dawa ileile miaka nenda rudi anajua mwisho wake: kupe dhaifu hufa, kupe sugu hubaki na kuzaa. Tumboni, seli zikifa kwa wingi, seli mama za chini hulazimika kuzaliana haraka ili kuziba mapengo, na kila kuzaliana ni nafasi ya kukosea kunakili vinasaba. Katika mazingira hayo ya mauaji ya kila siku, seli yenye kosa linaloiwezesha kupuuza amri ya kufa ndiyo itakayobaki na kuacha wajukuu. Mwaka 1997 Richard Peek na wenzake waliongeza kipande muhimu: kwa watu wenye bakteria wanaobeba jeni liitwalo cagA, kuzaliana kwa seli kulipanda, lakini kifo hakikupanda kwa kiasi hicho. Mizani ilikuwa imeinama.

Mlinzi anyamazishwa, 1997–2011

Miaka iliyofuata ilionyesha mizani hiyo inavyoinamishwa, protini kwa protini.

Bakteria wana silaha mbili. VacA ni sumu inayoingia katika seli. Mwaka 2000 ilionekana ikifika kwenye mitokondria na kuachilia saitokromu c. Hiyo inaua. CagA nayo hudungwa ndani ya seli kwa kitu mfano wa sindano. Mwaka 2002 kundi la Masanori Hatakeyama nchini Japani lilieleza inavyoiteka mitambo ya ukuaji wa seli. Mwaka 2011 watafiti wakaonyesha jambo la hila zaidi: CagA hujishikiza kwenye protini iitwayo ASPP2, ambayo kazi yake ni kumhimiza p53 aamuru kifo. Ikishatekwa, kinachofuata ni p53 kuvunjwavunjwa. Mlinzi anasalitiwa na msaidizi wake mwenyewe.

Baadaye seli huendelea bila msaada wa bakteria. Katika takriban nusu ya saratani za tumbo, jeni la p53 lenyewe hukutwa limeharibika. Katika kundi jingine, mfumo wa kusahihisha makosa ya kunakili vinasaba hufa, na hapo BAX huwa mwathirika. Jeni lake lina herufi G nane zilizofuatana, mahali pepesi pa kukosea kwa mwandishi aliyechoka. Ikipungua moja au ikizidi moja, sentensi nzima iliyobaki hupoteza maana na protini haitengenezwi. Mwaka 1997 kosa hilo lilionekana katika saratani za utumbo mpana na za tumbo. Herufi moja tu, na seli imempoteza mtoboaji wake.

Protini yenye jina la tumbo, 2000–2017

Kuna protini moja ambayo historia yake inafundisha subira. Mwaka 2000 watafiti wa Japani walieleza jeni la panya linalofanya kazi tumboni na kwenye ngozi, wakaunganisha maneno ya viungo hivyo viwili na kuliita gasdemini. Mwaka 2007 kundi hilohilo liliripoti kwamba kwa binadamu jeni hilo hufanya kazi katika seli za juu za tumbo zinazotoa ute, na kwamba katika saratani ya tumbo mara nyingi limezimwa. Mwaka huohuo kundi jingine likakuta ndugu yake, aliyejulikana awali kwa kuhusika na uziwi wa kurithi, naye amezimwa katika saratani hiyohiyo. Kwa nini wazimwe? Hakuna aliyejua protini za ukoo huo hufanya nini hasa.

Ikabidi kungoja miaka minane. Mwaka 2015 kundi la Feng Shao jijini Beijing na kundi la Vishva Dixit huko California walionyesha kwamba mmoja wa ukoo huo, gasdemini D, hukatwa na kaspasi, na kipande kinachopatikana huua seli; muda mfupi baadaye ikathibitishwa kwamba hufanya hivyo kwa kutoboa matundu kwenye utando. Hiki si kifo cha kupukutika kimyakimya. Ni kifo cha kelele, seli inavimba na kupasuka huku ikiita askari wa mwili, na kimepewa jina la pairoptosisi. Mwaka 2017 yule ndugu wa uziwi akafahamika: akiwapo, dawa za saratani hugeuza kifo cha kimya kuwa cha kelele; akizimwa, kelele haipo. Matokeo ya mwaka 2007 yakapata maana mpya. Seli za saratani zilikuwa zimezima kengele.

Seli zisizohitaji makao, 1998–2014

Aina ya pili ya Laurén, ile inayotawanyika, ilikuwa na njia yake. Mwaka 1998 Parry Guilford wa Nyuzilandi, akifanya kazi pamoja na ukoo wa Wamaori uliokuwa ukipoteza watu wake kwa saratani ya tumbo, hata vijana, alipata chanzo: kosa la kurithi katika jeni la protini inayozishikamanisha seli. Kwa kawaida seli ya ngozi ya ndani ikibanduka kutoka mahali pake hujiua. Kifo hicho kilipewa mwaka 1994 jina la Kigiriki lenye maana ya kukosa makao. Mwaka 2014 ilionekana kwamba sehemu ya saratani za kutawanyika zina kosa katika jeni la RHOA linalozisaidia seli zilizobanduka kuendelea kuishi. Seli isiyo na jirani wala nyumba, na bado haifi.

Mwaka huohuo, mradi mkubwa wa Marekani uliochambua uvimbe 295 uligawa saratani ya tumbo katika makundi manne. Moja, karibu asilimia 9, lilikuwa na virusi vya Epstein-Barr. Habari za virusi hivyo zina asili kwetu: viligunduliwa London mwaka 1964 katika uvimbe uliosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda, kutokana na ugonjwa wa watoto ambao Denis Burkitt alikuwa ameueleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Virusi hivi vina jeni la protini inayofanana na BCL-2, na katika seli za tumbo huongeza survivini, protini nyingine inayozuia kifo. Makundi yalikuwa manne, na katika kila moja watafiti walikuta protini za kifo zimeguswa.

Kinachobaki mikononi mwetu

Maarifa haya yameanza kuzaa dawa. Mwaka 2016 Marekani iliidhinisha dawa ya kwanza inayoifunga BCL-2, lakini kwa saratani ya damu. Kwa tumbo kazi bado ni ngumu, kwa sababu saratani iliyokomaa imekwisha kufunga milango mingi ya kifo. Ukifungua mmoja, mingine imefungwa.

Ndiyo maana somo kubwa la historia hii liko mwanzoni mwa ngazi. Ukiwaondoa bakteria mapema, mauaji ya kila siku yanakoma, seli mama zinapumzika, na seli sugu zinakosa uwanja wa kushindania. Katika visiwa vya Matsu, Taiwan, upimaji na tiba kwa watu wazima ulianza mwaka 2004. Baada ya miaka kadhaa saratani mpya za tumbo zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Hakuna kisu kilichowahi kufanya hivyo.

Kwetu Afrika maambukizi ni mengi, ilhali saratani inayoripotiwa ni chache kuliko ilivyotarajiwa. Tangu mwaka 1992 wataalamu wamelitaja jambo hili kuwa fumbo, wakitaja umri wa watu, aina za bakteria, minyoo, na uhaba wa vipimo. Fumbo hilo lisitulaze. Nyanda za juu za Maziwa Makuu na miteremko ya Kilimanjaro zinajulikana kwa muda mrefu kuwa na wagonjwa wengi kuliko pwani, na walio wengi hufika hospitali wakati uvimbe umekwisha kuziba njia ya chakula, kama yule mama wa Vienna. Duniani kote, mwaka 2022 peke yake, saratani hii iliua watu wapatao 660,000.

Kabla ya kufika huko, wengi walikaa miaka na kile wanachokiita vidonda vya tumbo, wakinunua dawa ya kupunguza asidi dukani kila inapoisha. Dawa hiyo hutuliza moto, na bakteria wanabaki. Kipimo cha kinyesi au cha pumzi kinaweza kuwaonyesha, na dawa za kuwaua, zikitumika siku zote zilizoandikwa, huwaondoa kwa wagonjwa walio wengi. Anayekonda bila sababu, anayeshiba kwa matonge mawili, anayetapika damu au kupata choo cheusi kama lami asingoje dawa ya dukani, anahitaji kamera. Billroth alilazimika kuanzia kwenye uvimbe. Sisi tunaweza kuanzia kwenye kipimo, wakati protini za kifo bado zinasikia amri na seli za tumbo bado zinapukutika kwa wakati wake.